Jina Usitaje Humu

Haya yalimpata rafiki yangu Mansur, fundi wa kompyuta wa Kisauni, nami nayasema kama alivyonambia.

Aliitwa Utange mchana kweupe na Bi Nusaiba, mama mtu mzima aishiye peke yake, ambaye kompyuta yake ilikuwa imekuwa bubu. Chumba kilikuwa kiza, madirisha yamefungwa yote. Mansur akatoa shikamoo, akataka kujitambulisha.

"La, fundi, jina usitaje humu," akamkatiza Bi Nusaiba, naye akabaki mlangoni, haingii.

Hapo Mansur akaanza kumshuku. Akaipekua kompyuta, akaona draiva ya sauti, ile programu iendeshayo spika, haikuondolewa kwa utaratibu. Mtu aliifuta kwa pupa, mabaki yake yametapakaa kila pembe.

"Nani alofuta hii, Bi Nusaiba?"

"Mafundi. Wewe ni wa nne."

Mansur akayasafisha mabaki yote. Kabla hajaweka draiva mpya, kabla hata hajazitoa spika zake za kujaribia mkobani, mle kizani sauti ikaita taratibu jina ambalo hakulitaja: "Mansur."

Naye kalelewa kwa adabu. Akiitwa, ulimi hautaki ruhusa.

"Labeka," akaitika.

Bi Nusaiba akashika kinywa. "Umeitika?"

Mansur alibeba vyombo vyake akatoka, hata viatu akavivaa njiani. Lakini tangu siku ile, mamake akimwita kutoka jikoni, "labeka" husikika kabla yeye hajafungua kinywa. Sauti ni yake mwenyewe, na yatoka kwenye zile spika, zilizo bado mkobani.