Nafasi ya Ignacy Kando ya Mto Warta

Ilikuwa Jumapili baada ya Krismasi, tarehe ishirini na nane Desemba, saa tisa alasiri, mkwe wangu Halszka alipoanza kuzungumza na mtu ambaye sisi wengine hatukumwona.

Theluji ilikuwa ikianguka mjini kwetu Poznań, Poland, tangu asubuhi. Kila mwaka siku hiyo kikundi chetu cha baiskeli hutoka kanisani, hupita bustani za mjini, kisha hufuata Mto Warta. Mwanangu Ignacy, mume wa Halszka, ndiye aliyekianzisha. Majira ya baridi yaliyopita aliteleza kwenye kona ya mto, akaangukia mtoni, barafu ikapasuka, akafa maji.

"Mama Wiesława, baiskeli yako inalia kama paka mwenye njaa," alinitania Kazik, kiongozi wetu.

"Ipake mafuta basi. Mdomo wako umeshapakwa ya kutosha."

Watu wakacheka. Halszka hakucheka.

Tuliendesha wawili wawili. Halszka alitangulia peke yake, na upande wake wa kulia, ule wa mto, Kazik aliagiza pabaki wazi.

"Kama sahani ya mkesha," alisema. "Nafasi hii ni ya Ignacy."

Mkesha wa Krismasi kila nyumba kwetu huweka mezani sahani moja ya ziada, kwa mgeni yeyote atakayebisha hodi. Mgeni huyo hatajwi jina. Kazik alilitaja. Nikajifanyia ishara ya msalaba.

Bustanini mambo yalikuwa shwari. Tulipofika mtoni, upepo ukatulia ghafla. Halszka alikuwa amegeuza uso kulia, akinong'ona.

"Unaongea na nani, mwanangu?" nilimuuliza.

"Mama, tafadhali. Usimfukuze."

Kona ikakaribia.

"Nichukue," akanong'ona. "Nimechoka."

Akaongeza mwendo, akatuacha. Hakushika breki. Akakata kulia, kuelekea majini.

Nikamlilia Mama wa Mungu moyoni.

Hapo akasukumwa.

Niliona bega lake la kulia likipigwa kikumbo. Usukani ukageuka. Akaangukia kushoto, vichakani, mbali na mto.

Nilipomfikia alikuwa akilia kama mtoto. "Amenikataa, Mama. Amesema nirudi kwako."

Kazik alisimama njiani, kofia mkononi. Alinyoosha kidole kwenye theluji.

Tangu pale Halszka alipotuacha, kando ya alama za tairi zake palikuwa na alama nyingine, upande wa mto, zikiandamana nazo. Alipoanguka yeye, hizo ziliendelea. Ziliteremka ukingoni. Ziliingia juu ya barafu iliyokuwa nyembamba kama kioo cha dirisha. Barafu haikupasuka.

Katikati ya mto zilikoma.

Mwanangu alipita mbele yangu, nami sikuona hata mgongo wake.

Raha ya milele umpe, ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie. Apumzike kwa amani. Amina.