Barua Iliyompita Mjomba

Kifuniko cha sufuria kiligongagonga jikoni kabla ya adhana ya alfajiri. Mama alikuwa anamchemshia Yusra viazi vya njiani, ingawa hakuombwa. Yusra akavaa dera la zambarau, akatoka Chanika, Handeni, kwenda Korogwe kumuaga Zaidi.

Walikutana mwaka jana, stendi ya Korogwe, kwenye kibanda ambamo Yusra alikuwa akichapa barua za watu. Zaidi, shati jeupe limenyooshwa, alileta maombi ya ufadhili wa shahada ya pili ya diplomasia, ule unaoandaa vijana kufanya kazi balozini.

"Kaka, umeandika 'amani' mara tisa. Utawachosha."

"Nipunguze ngapi, dada balozi?"

"Saba. Na usiniite balozi, foleni inacheka."

Jioni alirudi kumsaidia kufunga kibanda. Basi, yakaanza.

Ufadhili ukapatikana. Mke aliruhusiwa kufuatana naye, mradi cheti cha ndoa kifike kabla fomu hazijafungwa. Yusra akaitwa nyumbani kungoja posa. Wazee wa Zaidi, Washambaa wa Dindira, wakapeleka barua kwa baba yake, Mzee Abdulaziz, kama ilivyo kwao. Hawakujua kwamba katika ukoo ule wa Kizigua, mjomba ndiye huanza kupelekewa.

Mjomba Mhina alichukia. "Mtoto wa dada yangu anaposwa kwa kunipita? Waje waanze upya!"

Hakuna aliyekwenda kuwaambia wazee wa Zaidi. Wangeonekana wanamtembeza binti. Yusra naye, aliyekatazwa kuzungumza na mposaji mpaka jibu litoke, akazima simu wiki tatu kwa heshima. Baba akambembeleza shemeji yake hadi akalegea. Yusra akawasha simu, akampigia Zaidi.

"Mngesema tu hamnitaki," Zaidi alisema.

"Nani kasema, laazizi? Mjomba amekubali jana!"

"Fomu zilifungwa Ijumaa. Nilijaza kuwa sina mchumba. Nimetia saini, sitaoa mpaka nimalize masomo na utumishi. Miaka mitano."

"Ungetuma hata mtu aniulize!"

"Ungewasha simu, Yusra."

Leo alimkuta nyumbani kwao Kilole, ndani ya suti iliyompwaya mabegani, gari likimngoja nje.

"Utanisubiri?"

"Kuna mposaji mwingine, wa kulekule kwetu Handeni. Yeye amepita kwa mjomba kwanza."

"Na wewe umesemaje?"

"Nimeulizwa lini mimi?"

Zaidi, anayekwenda kusomea kupatanisha mataifa, akaokota begi lake. Akapanda gari. Yusra akabaki ameshika ukingo wa mlango, machozi yakilowanisha mtandio.

Bi Maryamu, mama yake Zaidi, hakumuuliza kitu. Alimletea maji ya kunawa uso, akamwekea kiti kivulini, akakaa naye mpaka saa ya basi. Alipomsindikiza, hakuuachia mkono wake.

"Uje tena, mwanangu. Hata ukiwa mke wa mtu, uje unitembelee."