Mustang ya Maili Laki Mbili

Jumamosi moja ya Aprili, yadi ya magari mabovu kule Saint Paul, ambako mnunuzi hujifungulia vipuri mwenyewe, ilifurika watu kama soko la mkesha wa Idi. Kila mtu na sanduku lake la spana, huyu kaingiza kichwa chini ya boneti, yule katambaa chini ya gari lililokwisha kazi. Nasreen alikuwa katikati yao, pindo la buibui limelowa tope, akivutana na kioo cha pembeni cha Corolla iliyofanana na yake.

"Ukizidi kuvuta hivyo utaondoka na mlango mzima," sauti ikasema nyuma yake, kwa Kiswahili cha Mombasa.

Aligeuka. Kijana mrefu, mwembamba, ovaroli ya buluu iliyopauka, grisi hadi viwikoni.

"Umejuaje kuwa mimi Mswahili?"

"Tangu nifike nakusikia ukilitukana gari kwa Kiswahili."

Nasreen alicheka, ingawa hakuwa na nguvu za kucheka. Alikuwa ametoka zamu asubuhi hiyo, katika nyumba ya kutunzia wazee huko Apple Valley, na macho yalikuwa yakimwasha. Kijana akafungua nati tatu, kioo kikatoka.

"Naitwa Hussni."

"Nasreen. Na wewe wataka nini humu?"

"Kila kitu. Nina Mustang ya 2005. Imetembea maili laki mbili na elfu kumi. Kila Jumamosi naitafutia kiungo kimoja."

"Una miaka mingapi?"

"Ishirini na mitatu."

"Basi mko karibu rika moja. Ila mwenzio amechoka zaidi."

"Hujaniona Jumatatu," Hussni akasema.

Ndivyo walivyoanza. Majira ya joto yote Hussni alikuwa akimngoja nje ya kazi yake saa tisa alasiri. Wazee walimjua kwa mngurumo kabla ya kumwona, wakasogea madirishani. Nasreen alitoka na sare yake ya zambarau na mtandio wa pinki, akainama kuingia, kwa kuwa Hussni alikuwa ameliteremsha gari kwa springi fupi hata kupanda kwake kukawa kama kuketi mkekani. Alikuwa amebadilisha na kemshafti ndani ya injini ili lingurume zaidi, gari likisimama kwenye taa likitetemeka lote kama mtu mwenye homa.

"Laazizi, umesikia linavyoimba?"

"Nasikia linakohoa."

Tatizo ni kwamba kila alipoongeza kipya, cha zamani kilikufa. Klachi. Pampu ya maji. Redieta. Tangu alfajiri hadi saa nane Hussni alibeba maboksi ghalani Eden Prairie; jioni alilala chali chini ya gari. Wakizungumza kwa simu, usingizi ulimchukua katikati ya neno.

"Hussni, wanisikia?"

"Nakusikia, mpenzi."

"Nimesema nini?"

"Umesema wanipenda."

"Nimesema ami yangu ataka kukuona Jumapili."

Usingizi ukamruka. Ami Alwi wa Woodbury ndiye aliyemlea Nasreen tangu babake alipofariki. Kwenda kwake si kwenda kunywa chai tu.

Jumapili hiyo ya Novemba theluji ya kwanza ilikuwa imeshaanguka. Nasreen alipika biriani tangu alfajiri. Alivaa gauni la kijani la hariri, akajifukiza udi, akaketi mahali pa kuona barabara. Adhuhuri ikapita. Saa nane. Saa tisa. Simu ya Hussni ilikuwa imezimwa. Ami Alwi aliutazama mlango, akautazama tena, kisha akanawa mikono akala.

"Biriani nzuri," alisema.

Saa kumi na moja simu ikalia, nambari ngeni.

"Nasreen, nisamehe. Gari lilinisumbua."

"Gari."

"Ndiyo, lakini..."

"Umemweka ami yangu siku nzima kwa sababu ya gari? Basi lioe hilo gari, Hussni."

Akakata. Hussni alipiga siku tano, hakujibiwa. Siku ya sita hakupiga. Nasreen akajiambia ni afadhali, akaongeza zamu, akawa anarudi nyumbani na kulala na sare mwilini.

Wiki mbili zikapita. Alasiri moja, kwenye foleni ya duka la nyama ya halali, alikutana na Callixte, Mkongo aliyeishi nyumba moja na Hussni.

"Dada, kumbe ulimuacha kabisa?" Callixte akasema. "Hata baada ya ile ajali?"

"Ajali gani?"

Callixte akamtazama. "Hakukuambia? Ile Jumapili, akiwa na kanzu yake, njiani kwenda Woodbury. Breki zilikatika kwenye mteremko. Aliingiza gari mtaroni. Simu ikavunjika, yeye mzima. Lakini siku tatu hakulala, dada."

"Mbona hakuniambia?"

"Bon, hiyo umuulize yeye."

Nasreen aliacha nyama kaunta. Aliendesha moja kwa moja hadi Minneapolis, nyumba yenye gereji nyuma. Mlango ulikuwa wazi. Mustang imeinuliwa juu ya stendi, haina gurudumu hata moja, bampa la mbele limepasuka. Hussni alikuwa ameketi sakafuni, amekonda, chupa ya mafuta ya breki kando yake. Alipomwona aliisogeza chupa pembeni.

"Niambie ilivyokuwa," Nasreen akasema.

Hussni alifuta mikono kwenye ovaroli kwa muda mrefu.

"Jumamosi niliona paipu ya breki imeliwa na kutu. Ni hii chumvi wanayomwaga barabarani. Ilikuwa yavuja kidogo. Nilikuwa na wakati wa kazi moja tu. Nikafunga ekzosi mpya, bomba la moshi la kishindo. Nilitaka ami yako asikie ninavyoingia."

Nasreen alilitazama bampa lililopasuka.

"Taa ilikuwa nyekundu. Kulikuwa na mama akivuka na kigari cha mtoto. Nilikanyaga, mguu ukafika sakafuni. Nikakata usukani. Hakuna aliyeguswa. Lakini kile kiti cha pembeni, Nasreen, kile ndicho ukaliacho wewe. Ningekwambia vipi?"

"Ungeniambia hivyo hivyo ulivyoniambia sasa!" Machozi yalimtoka kwa hasira. "Nilidhani nimekosa thamani mbele ya chuma. Wiki mbili, Hussni!"

"Nilistahili."

"Mimi sikustahili."

Hita ndogo ya gereji ilivuma.

"Sasa wafanya nini?" Nasreen akauliza.

"Paipu ni mpya. Natoa upepo kwenye breki. Mmoja hukanyaga, mwingine hufungua nati huku chini upepo utoke. Tangu asubuhi najaribu peke yangu."

Nasreen alivua koti, akapanda, akaketi nyuma ya usukani na sare yake ya kazi.

"Kanyaga," sauti ikatoka chini.

"Nimekanyaga."

"Shikilia... Achia. Tena."

Walikwenda hivyo breki baada ya breki. Mwanzoni kanyagio lilizama kama kwenye uji; polepole likaanza kuwa gumu.

"Nalichukia gari hili," Nasreen akasema.

"Hata mimi, siku nyingine. Nitaliuza."

"Usiliuze. Utanunua jengine bovu zaidi. Ila ekzosi hiyo itoe."

"Nitaitoa. Kanyaga."

"Hussni."

"Naam."

"Nimechoka."

"Nami nimechoka, laazizi."

"Sitaki kuchoka peke yangu."

Spana ikalia sakafuni. Kisha akasema, "Basi nikuoe?"

"Mtu huposa akiwa chini ya gari?"

Hussni akajiburura akatoka, uso una doa la mafuta. Nasreen alikwisha kupiga simu. "Ami, kuna mtu ana neno nawe." Akamshikia simu sikioni, kwa kuwa mikono ya Hussni haikuwa ya kushika kitu.

"Asalaam aleikum, ami. Mimi ni Hussni. Jumapili ile sikufika kwa sababu nilijua breki ni mbovu, nikaliendesha gari vivyo hivyo. Karibu niue mtu. Makosa ni yangu, si ya gari. Nataka kumuoa Nasreen, lakini nimeona hilo ulijue kwanza."

Nasreen akatazama kama simu imekatika.

"Njoo Jumapili," Ami Alwi akasema. "Na aendeshe Nasreen."