Kidonge Katika Sikio la Pansi

Nyumbani kwetu Nebraska, Marekani, kila ilipofika Februari, ng'ombe walilishwa jioni tu. Baba aliamini kwamba ng'ombe anayekula jioni huzaa mchana, watu wakiwa macho. Mpaka leo nikinusa nyasi kavu namwona juu ya trekta, kofia imemfunika masikio, nami nyuma nikisukuma marobota yadondoke thelujini. Nazikumbuka sana jioni zile.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na miwili. Pansi alikuwa mtamba wangu mwenyewe, mwenye mimba ya kwanza, na alikuwa na umbo dogo. Kaka yangu Royce hakunipa nafasi ya kupumua.

"Nyonga gani hizo, Joleen? Ndama atatokea wapi, mdomoni?"

"Nyamaza, wewe! Kwani utazaa wewe?"

Nilijibu kwa ukali, lakini moyoni niliogopa. Tangu Oktoba nilikuwa na siri. Siku tuliyowapandikiza maksai vidonge vya kukuza mwili chini ya ngozi ya sikio, nilimsikia jirani akisema vidonge hivyo hupanua nyonga. Baba alipokwenda kunywa kahawa, nilimwingiza Pansi kwenye kichochoro cha kukamatia ng'ombe, nikampandikiza kimoja. Sikumwambia mtu.

Jioni moja Baba alimkagua Pansi kwa nyuma, akatikisa kichwa.

"Kiwele bado kitupu kabisa. Huyu hazai mwezi huu. Kesho tumpeleke malisho ya mbali, apishe wanaokaribia kuzaa."

Malisho ya mbali hayakuwa na banda wala mtu. Usiku ule sikupata usingizi: je, kama ni kidonge changu kilichokizuia kiwele kujaa? Asubuhi, Baba alipofungua lango, nililishika.

"Baba, usimpeleke. Nilimtia kidonge cha maksai."

"Ulimtia nini?"

"Kidonge. Sikioni. Nilitaka azae vizuri."

Baba alilipapasa sikio la Pansi, akakigusa kivimbe kidogo. Hakunifokea, na hilo liliniumiza zaidi. Alifunga lango, akaenda kumpigia simu Daktari Verna, mganga wa mifugo.

"Dawa hii si ya mtamba mwenye mimba," daktari alisema baada ya kumpima. "Inaweza kuzuia kiwele kujaa na kufanya uzazi uwe mgumu. Kiwele kinawadanganya, ndama yuko karibu. Asitoke hapa."

Siku ya tatu, saa sita mchana, Pansi alilala chini akaanza kusukuma. Ilionekana miguu miwili tu, kisha basi. Daktari alikuja mbio. Yeye na Baba walivuta kwa mnyororo kila Pansi aliposukuma, mimi nimekishika kichwa chake nikilia. Ndama alitoka amelegea. Royce, mdomo wote ule umekwisha, alimsugua kwa majani makavu mpaka akapiga chafya.

Pansi hakuwa na maziwa ya kutosha, kwa hiyo nilimnyonyesha ndama kwa chupa, alfajiri, mchana na jioni, hadi Mei.

Jioni ya siku aliyozaliwa ndama, Baba alikaa kando yangu kwenye robota.

"Oktoba ulikosea," alisema. "Kukosea tunakosea sote. Lakini miezi minne nilikuwa namtazama mnyama nisiyemjua. Ungenyamaza siku moja zaidi, tungewakuta wote wawili wamekufa kule. Ukiharibu, mwanangu, njoo uniambie siku hiyohiyo."

Baba hayupo tena. Ninalisha mimi jioni, na mwanangu ndiye anayesukuma marobota. Maneno yale nimempa kama nilivyopewa.