Marehemu wa Mia Mbili na Kumi na Tano

Ottilia Ndunguru alihesabu mara tatu kwenye madaftari ya jumuiya, na mara zote tatu akapata marehemu mia mbili na kumi na wanne. Kompyuta ilisema mia mbili na kumi na watano.

Hakushtuka. Mtu aliyefungua duka la kuchapa barua mjini Mbinga mwaka 2001, kwa kompyuta moja ya mtumba na umeme unaokuja ukijisikia, hashtuki kwa kitu kidogo. Ukutani alikuwa amebandika karatasi ya maonyo kwa wale waliojifunza kwake kwa saa: hifadhi kazi kila mstari, weka nakala kwenye flopi mbili, usichomoe waya mashine ikiwaka, na kufuta si kutupa, kwani kilichofutwa kinakaa pipani mpaka ulimwage pipa lenyewe. Hilo la mwisho alilirudia kwa majigambo, maana mjini hapo waliolijua hawakufika watano.

Orodha ilikuwa ya parokia. Kila mwaka, kabla ya tarehe mbili Novemba, familia hupeleka majina ya watu wao waliofariki yasomwe kwenye misa ya marehemu wote. Miaka yote iliandikwa kwa mkono. Mwaka huo katekista Vitalis alimpa Ottilia aichape, na Ottilia alitaka ing'ae. Akateremka mpaka chini kumtafuta huyo wa ziada.

215. Luisa Kapinga.

Luisa Kapinga alikuwa mama yake mzazi. Alikuwa ameketi pale pale mlangoni kwenye kigoda, akichambua maharage.

"Mama," Ottilia aliita, "u mzima?"

"Mzima. Ila miguu imepoa ghafla, utadhani nimekanyaga maji."

Ottilia alilifuta jina, akahifadhi, akafunga. Alipofungua tena, Luisa Kapinga alikuwepo, na sasa alikuwa namba 160.

"Kirusi hiki," Ottilia alijisemea, akachomeka flopi ya kusaka virusi. Ikasaga nusu saa nzima, ikasema mashine ni safi. Akafuta mara ya pili. Jina likapanda hadi 98. Akaihamishia orodha kwenye faili jipya lenye jina jingine, na huko jina likamtangulia. Mama akaomba kitenge cha pili, kwa kuwa baridi ilikuwa imefika magotini.

Halafu ikaja harufu. Kutoka Mbinga hadi ziwani ni milima mitupu, unateremka mpaka masikio yanaziba, lakini mle dukani, saa saba za mchana, jua likiwaka barabarani na watu wakipita na mifuko yao ya mbolea, palinuka usipa mbichi, wale dagaa wa ziwani, na kamba za wavu zilizolowa, na Ottilia alipoweka vidole kwenye kibodi aliviinua vikichuruzika maji. Aliogopa. Alipokwisha kuogopa akakasirika.

Alijua mashine ilikotoka. Miezi miwili nyuma aliinunua Lundo, huko ziwani, kwa Eliza, mke wa Hamphrey, mpiga chapa wa pale. Hamphrey alikuwa amepanda mtumbwi kwenda Mbamba Bay kununua karatasi, upepo ukapindua mtumbwi, na mwili haukuonekana. Ndugu walikuwa bado wanasubiri mwili, na matanga hayakuwa yamewekwa. Eliza alimwambia waziwazi kwamba vitu vya mtu havitoki nyumbani kabla matanga hayajaanuliwa. Ottilia, mwenye haraka zake, akajibu kwamba kompyuta si koti la marehemu. Akapakia, akaja nayo, akafuta kazi zote za Hamphrey siku hiyo hiyo ili apate nafasi.

Alimtumia Eliza ujumbe kwa dereva wa gari la Mbamba Bay. Eliza akafika kesho yake mchana, mwembamba ndani ya kanga nyeusi. Jina lilikuwa limefika 40, na mama alikuwa amelala kwenye mkeka nyuma ya kaunta, baridi imemfika kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kwenye jokofu."

Eliza alivuta kiti karibu na Ottilia, akanong'ona, "Dada, nilipita kwa mganga. Anasema Hamphrey anataka mtu. Umpe jina jingine pale pale, la mtu asiye na ndugu wa kumlilia, naye atamwachia mama."

"Jina la nani?"

"Yeyote. Hata yule kikongwe wa kijiji cha Ruanda, hapa njiani, anayeishi peke yake, Gertruda."

Ottilia, aibu kusema, alilifikiria. Mama yake ndiye aliyejibu kutoka mkekani, kwa sauti iliyokuwa ikitetemeka kwa baridi tu.

"Oti, ukiandika jina la Gertruda nakufa leo hii kwa hasira. Nimezaa tisa nimezika watano. Karani wa ziwani ndiye wa kunipangia foleni?"

Aibu ilimpanda Ottilia hadi masikioni. Akainua macho asiitazame sura ya mama yake, yakaangukia karatasi ya ukutani. Kufuta si kutupa. Yeye, bingwa wa kulisema, hakuwahi kulimwaga pipa la mashine hii. Alilifungua. Kazi zote za Hamphrey alizozifuta zilikuwa mle, na juu yake lilikuwepo faili moja ambalo hakulifuta yeye, limehifadhiwa leo, saa sita mchana. Alilifungua. Maneno yalikuwa mawili, yamerudiwa ukurasa hadi ukurasa bila nukta: sijafa mimi sijafa mimi sijafa mimi.

Eliza aliziba mdomo. "Hatukumtamka," alinong'ona. "Hakuna nyumbani aliyewahi kusema kwamba amekufa. Hata mimi."

"Basi hataki kuhesabiwa," Ottilia alisema. "Anasukuma mwingine kwenye nafasi yake." Akavuta kibodi. "Na leo atahesabiwa."

"Ni Mwanglikana, dada. Hiyo orodha ya Wakatoliki."

"Majini huko kuna dhehebu gani?" alifoka mama. "Andika!"

Ottilia alishuka mpaka mwisho wa orodha, akaandika H. Herufi ikafutika yenyewe. Akaandika tena, ikafutika tena, na hapo umeme ukakatika mji mzima, betri ya akiba ikapiga kelele mpaka ikaisha nguvu ikanyamaza, lakini skrini haikuzima, ilibaki inang'aa kijani cha maji ya kina kirefu, na jina la mama lilikuwa linapanda bila kuguswa, 31, 20, 12, na kila lilipopanda pumzi za mama zilikatika, na maji yalikuwa yanamwagika kutoka kwenye kibodi hadi mapajani mwa Ottilia, ya baridi, yenye mchanga, naye akaandika H akahifadhi, A akahifadhi, M akahifadhi, kila herufi na kuhifadhi kwake, kama alivyowafundisha wengine, huku akimtukana Hamphrey matusi ambayo mama yake hakujua kwamba anayajua.

Jina lilifika namba 3. "Sema, Eliza!" Ottilia alipaza sauti. "Wewe ndiye mkewe. Sema!"

Eliza alisimama. Akakiinamia kile kioo.

"Hamphrey," alisema, na machozi yakaanza, "umekufa, mume wangu. Ulikufa mwezi wa nane. Nimekulia peke yangu, kwa siri, na nimechoka. Umekufa."

Herufi ya mwisho ikakaa, na pale namba 3 jina la mama likatoweka. Ottilia akahifadhi. Skrini ikazima, na harufu ikatoka mlangoni kama mtu aliyeaga. Nyuma ya kaunta mama aliketi, akatupa vitenge vyote viwili.

"Joto gani hili," alisema. "Nani ana chai?"

Tarehe mbili Novemba, katekista Vitalis alisoma majina mia mbili na kumi na matano, na la mwisho lilikuwa la Hamphrey. Eliza alilia kwa sauti mbele ya watu. Aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote kanisani alikuwa Luisa Kapinga.

Mashine Ottilia hakuitupa. Ndiyo iliyomlisha, na hakuona kwa nini ale njaa kwa ajili ya marehemu. Siku iliyofuata aliiwasha akafungua orodha. Chini ya Hamphrey palikuwa na namba 216, tupu, na kile kimstari cha kuandikia kikipepesa.

Hakufuta. Aliandika: NAFASI ZIMEJAA. Akahifadhi kwenye flopi mbili.

Kimstari kikashuka chenyewe, kikaandika polepole: nitasubiri.

Ottilia alinusa hewa. Usipa, kwa mbali. Akageuka kumtazama mama yake aliyekuwa mlangoni akichambua maharage na kugombana na mpita njia, kisha akakiegemea kibodi kwa vidole vikavu.

SUBIRI, aliandika, akahifadhi.