Anayegonga Kopo

Giza lilikuwa linaanza kuingia Mama Cherehani alipofunika mashine yake ya kushonea, akachukua ndoo na taulo, akaelekea bafuni. Bafu lilikuwa moja tu, mwisho wa korido, la wapangaji wote. Mlango wake wa bati haukuwa na komeo. Mwenye nyumba aliahidi kulileta kesho, na kesho yake haikuwa ikifika, ndiyo maana wakambatiza Mzee Kesho. Ada ya matengenezo, hiyo haikuwahi kusubiri kesho.

Basi wapangaji walijiwekea utaratibu wao. Ukifika mlangoni unauliza, "Kuna mtu?" Aliye ndani anagonga ndoo kwa kopo. Ukisikia, unasubiri zamu yako.

Mama Cherehani aliuliza kwa mazoea tu. Wenzake wote alikuwa amewapita uani, wanapiga soga.

"Kuna mtu?"

Ko… ko-ko.

Ndoo ilimponyoka. Harufu ya sabuni ikapenya chini ya mlango, na nyuma yake harufu nyingine, ya plastiki iliyoungua. Alisukuma mlango.

Hapakuwa na mtu. Sakafu ilikuwa kavu.

Ugongaji huo aliujua. Binti yake wa pekee ndiye aliyegonga hivyo, moja, kisha mbili za harakaharaka, maana mtoto yule alikuwa na haraka ya kila kitu. Mwezi uliopita aliingia kuoga jioni kama hii, akashika ukuta pale waya ulipokuwa umechunika. Ni waya ambao mama yake alishaulalamikia mpaka koo likamkauka. Binti hakutoka tena kwa miguu yake.

Toka jioni hiyo aliposikia kopo, Mama Cherehani akawa haendi bafuni kuoga. Alikwenda kuongea. Kila giza likiingia alisimama mlangoni, akanong'ona, "Kuna mtu, mwanangu?" na kopo likamjibu. Wengine hawakusikia kitu. Walioga kwa kujibana ukuta wa pili, mbali na waya ule ambao bado ulikuwa wazi, wakitoka wanamkuta anasema na bati, wanainamisha vichwa na kupita. Lakini yeye, kwa mara ya kwanza tangu msiba, chakula kilianza kupita kooni.

Kumbe wapangaji walikuwa wameshakwenda ofisi ya mtaa kwa umoja wao, wakambana Mzee Kesho hadi akakosa pa kutokea. Jioni moja akaja, uso kaukunja, fundi umeme nyuma yake.

"Haya, matengenezo yenu hayo," alisema. "Gharama mtagawana."

Wote walitegemea Mama Cherehani amshukie kwa maneno. Yeye ndiye aliyekuwa mdomo wao. Badala yake alikwenda kusimama mbele ya mlango wa bafu, mikono kaitanua.

"Msiguse kitu. Paacheni kama palivyo. Nawaomba."

Moyo ulikuwa umemwambia kwamba waya ukitengenezwa, kopo litanyamaza. Na likinyamaza… atabaki na nani?

Uso wa Mzee Kesho ukakunjuka. "Mmesikia? Mwenye msiba mwenyewe amekataa. Msije mkanisumbua tena. Fundi, twende zetu."

Watu waliguna, lakini nani abishane na mfiwa? Wakaanza kutawanyika. Mke wa dereva, jirani yake aliyekuwa mjamzito, akaja na ndoo, akamgusa bega.

"Pole dada yangu. Nipishe nijimwagie maji basi, joto limenizidi." Akauliza, "Kuna mtu?"

Ko-ko-ko-ko-ko-ko!

Mke wa dereva hakusikia. Aliinua mkono asukume mlango.

Kopo likagonga kwa fujo, na harufu ya kuungua ikajaa koridoni. Hapo ndipo Mama Cherehani alipoelewa, na kuelewa huko kulimkata maini. Kugonga kulikuwa na maana moja tu katika nyumba ile, na yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha binti yake.

Usiingie.

Mwanawe hakuwa anamwita. Siku zote hizo alikuwa anamfukuza.

Alimvuta mwenzake mpaka ndoo ikapinduka. "Fundi!" alipiga kelele. "Rudi, baba! Tengeneza, tengeneza leo hii!" Kisha akakaa chini, akalia kuliko alivyolia makaburini, kwa kuwa alijua anamzika mara ya pili.

Mzee Kesho alianza kunung'unika. Safari hii wanaume wa nyumba walimzibia njia. Fundi akazima umeme wa nyumba nzima, akachukua tochi na bisibisi, akaingia. Mama Cherehani alisikiliza gizani, sikio kalitega. Kopo halikugonga.

Taa zilipowaka, fundi alitoka anajifuta jasho.

"Mna bahati nyie. Waya ulikuwa umeshaangukia mlango wa bati. Angeushika mtu…" Akatikisa kichwa. "Na mshukuruni yule binti. Peke yangu nisingeona kitu. Amenishikia tochi mpaka mwisho."



"Binti gani?" Mama Cherehani alinong'ona.

"Si huyo hapo nda…"

Fundi aligeuka. Bafu lilikuwa tupu. Tochi ilikuwa sakafuni, inachuruzika maji.

"Mikono yake ilikuwa imelowa chapachapa," alisema taratibu. "Nikamwambia, mwanangu, jifute kwanza. Umeme na maji haviendani."

"Akasemaje?"

Fundi aliiokota tochi.

"Alisema anajua."