Ua Lililochoka Kuchunguliwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kiherehere alimwagilia maji chungu cha ua la shangazi yake liitwalo agapanthasi. Jina hilo la utani alipewa nyumbani, maana mikono yake haikujua kutulia. Kwa majirani, maua hayo ya buluu yalisimama juu ya mashina marefu, mviringo kama mipira. Kwa akina Kiherehere kulikuwa na majani matupu, mwaka wa pili sasa.

"Nimechoka!" shangazi alifoka. Alikuwa fundi cherehani, na subira yake yote aliimalizia kwa wateja. "Jua mmea unalipata, mbolea nimetia, baridi nimeikinga kwa majani makavu. Yule muuza miche kaniuzia takataka. Leo atanitambua!"

Akabeba chungu hadi kwa muuza miche. Kiherehere akamfuata nyuma.

Muuza miche aliutoa mmea chunguni, akaugeuza. "Mama, mizizi imekatikakatika. Agapanthasi hupenda kubanwa. Mizizi ikijaa chungu ndipo huchanua. Nani anauchimbua mmea huu?"

"Usinitafutie visingizio! Nitawaambia mtaa mzima wasikanyage hapa."

Wateja wawili wakarudisha miche waliyoishika, wakaondoka. Kiherehere akashindwa kuvumilia.

"Ni mimi, shangazi. Nauchimbua kuona kama mizizi imekua. Halafu naurudisha."

"Lini?"

"Kila Jumamosi. Isipokuwa mvua ikinyesha."

Shangazi akashika kiuno. Kisha akamgeukia muuza miche kwa aibu. "Nisamehe, baba. Nimekuvunjia heshima bure."

Njiani alimwambia Kiherehere, "Mmea ningekusamehe siku ileile. Lakini umenyamaza hadi nimemtukana mtu asiye na hatia na kumfukuzia wateja. Hilo ndilo linaloniudhi."

Mwaka uliofuata yalichanua maua tisa. Kiherehere alikata la kwanza bila kuambiwa, akampelekea muuza miche na kumwomba radhi.

"Mwaka huu uliuchimbua mara ngapi?" yule bwana akauliza.

Kiherehere akatazama viatu vyake. "Mara moja."

Muuza miche akacheka. "Afadhali umesema. Mtu akiniambia ukweli mapema, najua pa kumsaidia, na hakuna mwingine atakayelaumiwa kwa ajili yake. Sasa nenda nyumbani, na ukiache hicho chungu!"